Usubi wa Madoa na Usubi wa Manyoya

Veronika Mkude alipoajiriwa kwenye maabara ya wadudu ya chuo kule Mafiga, Morogoro, barua yake ya kazi ilisema atafagia, atapiga deki, atamwaga taka na kufanya "kazi nyingine atakazopangiwa". Baada ya miaka kumi na moja, hizo kazi nyingine zilikuwa zimemeza siku yake yote, na ufagio ulikuwa unamngoja mpaka saa kumi jioni.

Chanzo kilikuwa uvivu wa wasomi. Kila asubuhi zililetwa chupa kutoka kwenye mitego iliyotundikwa katika mazizi ya ng'ombe pembezoni mwa mji. Ndani ya spiriti walikuwa wamelala nondo, mbu, nzi na kumbikumbi, na chini kabisa, kama vumbi la pilipili manga, usubi. Wanafunzi walitakiwa kuwatenga hao usubi mmoja mmoja kwa brashi nyembamba. Macho walikuwa nayo makali, shahada walikuwa nayo mkononi, ila makalio yao hayakuweza kutulia kitini zaidi ya robo saa. Veronika alikulia milimani akichambua mchele na maharage ya watu kumi na wawili. Siku moja aliegemeza ufagio ukutani akaomba ajaribu.

Dk. Abdulmajid, mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye ndevu za mvi na safari nyingi, alimfundisha mara moja tu, tena kwa kusimama, koti tayari mwilini.

"Chungulia kwenye hadubini. Unaona mgongo ulivyoinuka kama wa kibyongo? Sasa tazama mbawa. Amezilaza juu ya tumbo, moja juu ya mwenzake, kama mkasi uliofungwa."

"Nimeona, Daktari. Na zina madoa."

"Hayo madoa ndiyo kitambulisho chake. Kila aina ya usubi wa kuuma ina mchoro wake. Ukimwona mwenye vipapasio vilivyotimka kama brashi ya kuoshea chupa, huyo dume, hana habari na mtu. Jike ndiye anayetaka damu, akuze mayai yake."

"Na huyu mwingine? Hana madoa. Ana manyoya mpaka kwenye mbawa, kama aliyevaa sweta."

Dk. Abdulmajid alichungulia nusu sekunde. "Huyo ni ndugu yao wa mbali. Si wetu. Mwage kwenye sinki."

Basi Veronika akawa anatenga. Wa madoa kwenye kisahani, wa manyoya kwenye sinki. Mwaka wa kwanza alikuwa anahesabu madoa kwa midomo, kama anayesali rozari. Mwaka wa tatu alikuwa hahesabu tena, alikuwa anawafahamu kama mtu anavyowafahamu majirani kwa mwendo. Aliweza kutazama tumbo la jike akakwambia habari zake zote: huyu ana njaa, huyu kashiba damu ya jana, huyu ana mimba, na huyu mwenye wekundu uliofifia tumboni alishazaa zamani, ni mama wa watu.

Baadaye walianza kuwafuga. Dk. Abdulmajid alileta beseni za tope la zizini na vipande vya migomba iliyooza, na Veronika ndiye aliyekuwa akizinyunyizia maji. Aliyaona mayai, membamba na yamepinda kama ndizi za mtoto wa mdoli, meupe yakitoka, na kabla ya chai ya saa nne yamekuwa meusi. Aliviona viluwiluwi, vyeupe, vyembamba kama uzi, vichwa vya kahawia, havina mguu hata mmoja, vikijinyonganyonga kwenye maji kama nyoka aliyekanyagwa. Kisha pupa wa kahawia, ametulia juu ya maji na vijipembe viwili vya kupumulia, hali, hatembei, anangoja tu. Na siku ya pili au ya tatu anatoka usubi mwenye mbawa zilizokunjamana, anakaa kidogo, anazinyoosha, anaanza maisha yake mabaya.

Katika miaka hiyo wanafunzi sita walihitimu kwa usubi wa Veronika. Vitabu vyao vya utafiti vilipangwa kabatini kwa Dk. Abdulmajid, na katika kurasa za shukrani jina la Veronika lilionekana mara mbili: mara moja "Bi. Veronica wa usafi", mara nyingine "Bi. Victoria". Alivifuta vumbi vyote kila Ijumaa, bila ubaguzi.

Kwao alikotoka ni upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kijiji cha Mlagano, ambako migomba na kakao huota pamoja kwenye miteremko na ukungu hauondoki mpaka saa tatu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kaka yake, Athanas, mwanamume wa maamuzi ya haraka. Huko kijijini Athanas alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba dada yake "yuko chuoni, kwenye wadudu". Hakuwa amedanganya. Alikuwa ameacha kusema habari za ufagio.

Mvua za vuli za mwaka juzi zilipoanza, usubi walizidi Mlagano. Watoto walikuja shuleni na miguu iliyojaa vipele, na padre alisoma misa akijikuna. Athanas akapiga simu.

"Dada, hawa wadudu wanatumaliza. Wewe ndiye mtaalamu wetu. Wanazaliwa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Veronika swali la namna hiyo. Wanafunzi walimuuliza chupa iko wapi, Dk. Abdulmajid alimuuliza kama maji yamerudi. Alisimama katikati ya korido, kitambaa cha deki mkononi, akahisi shingo yake inarefuka.

"Wanazaliwa kwenye migomba iliyooza, kaka," alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Yale magogo mnayoyaacha shambani baada ya kukata mkungu. Ukiyapasua utakuta viluwiluwi."

"Kwa hiyo tukiyaondoa?"

"Mkiyaondoa, mmeondoa nyumba yao."

Ilikuwa kweli, kiasi. Kwenye beseni la migomba kulikuwa na usubi wa madoa wachache. Wale wengi waliobaki walikuwa wa manyoya, ambao kwa miaka kumi na moja alikuwa amewamwaga kwenye sinki bila kuwauliza kazi yao duniani. Na kwenye beseni la tope la zizini, wa madoa walijaa mpaka wakakanyagana. Hayo hakuyasema. Hakuulizwa, na simu ilikuwa tamu.

Athanas aliitisha mkutano wa kijiji, akasimama mbele ya watu akasema Dokta Veronika ametoa maelekezo. Kwa wiki tatu Mlagano nzima ilikata, ilibeba na kuchoma magogo ya migomba. Ilipitishwa sheria ndogo: atakayekutwa na gogo limeoza shambani kwake atabeba mawe ishirini toka mtoni kwa ajili ya msingi wa zahanati. Mashamba yakawa safi kama sakafu ya kanisa. Bwana afya alipiga picha.

Mtu mmoja tu hakusafisha. Alikuwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Prisca, mwenye shamba dogo kwenye korongo, migomba kadhaa na mikakao minne. Alisema goti lake linauma, na kwamba magogo yale yalikuwa yanaoza pale tangu enzi za bibi yake na hayajamwua mtu. Alibeba mawe ishirini. Mwezi uliofuata akabeba tena ishirini, na goti lake hilohilo. Mara ya tatu hata mgambo aliyetumwa kumsimamia alimsaidia kubeba.

Veronika alirudi kwao mwaka mmoja baadaye, kwa Krismasi. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya kaka yake, na kabla hajalipa alikuwa ameshaumwa kifundoni mara tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Dokta," alisema mke wa Athanas huku akijipiga kofi shavuni.

"Milele amina, wifi. Lakini hawa usubi… si mlisafisha?"

"Tulisafisha sana. Labda hawa ni wageni."

Habari ya pili aliipata mezani. Kakao zilikuwa hazijazaa. Si kwamba zimepungua, hazijazaa. Miti ilikuwa imestawi, maua yalikuwa yamejaa kwenye mashina kama vipele, lakini yalikuwa yanadondoka siku ya pili bila kushika tunda. Bwana shamba alisema ni joto. Wengine walisema ni mbolea. Lakini wengi, Athanas alieleza akiwa ameshusha sauti, walikuwa na maelezo yao.

"Kuna shamba moja tu lililozaa. La Mama Prisca. Miti minne, imebeba mpaka matawi yameinama. Kijiji kizima hakuna, kwake kumejaa. Unadhani watu wanasema nini?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba amezivuta zetu. Wazee wanataka nimwite mganga aje kunusa uchawi. Nimewaambia wangoje sikukuu ipite."

Veronika aliacha kula. Asubuhi yake, misa ilipoisha, aliteremka korongoni.

Mama Prisca alikuwa ameketi mlangoni akimenya magimbi. Veronika alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Dokta uliyenibebesha mawe?"

Veronika aliomba ruhusa kuzunguka shambani, akapewa kwa ishara ya mkono. Chini ya mikakao ile minne magogo ya migomba yalikuwa yamelala yakioza, meusi, laini kama mkate uliolowa chai. Alipiga magoti akalipasua moja kwa vidole. Viluwiluwi vilikuwemo, lakini havikuwa vile vyembamba vyenye kuogelea kama nyoka. Hivi vilikuwa vinatambaa taratibu, mgongoni vina miiba midogo ya manyoya, na chini ya kidevu kuna kijiguu. Kisha akainua macho kwenye shina la mkakao. Kwenye ua moja, dogo kuliko kifungo cha shati, kulikuwa na mdudu mdogo amevaa sweta, anatoka ndani akiwa na unga wa njano mgongoni. Akaingia ua la pili.

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyemuuma.

Hakuwa na spiriti ya kuhifadhia. Alimuuliza kaka yake, na kaka yake, ambaye mwezi uleule alikuwa amekamata watu wawili kwa kupika gongo, alikwenda chumbani akarudi na chupa ya gongo ya "kusugulia mgongo". Veronika aligawanya kwenye vichupa vinne. Kimoja akatia wadudu wa magogo ya Mama Prisca. Kingine wa maua. Cha tatu akachota tope la nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, pale bomba lilipokuwa linavuja tangu mwaka juzi na nguruwe sita walipokuwa wamepageuza bwawa. Cha nne akatia waliokuwa wanamnyonya mguuni wakati anachota.

Mafiga alifika kabla ya mwaka mpya, jengo likiwa tupu. Aliwasha hadubini. Wa tope la nguruwe: viluwiluwi vyembamba, havina miguu. Wa mguuni: mgongo wa kibyongo, mbawa kama mkasi, madoa. Wa magogo na wa maua: manyoya, manyoya, manyoya. Aliwatazama mara tatu, akitumaini amekosea. Alikuwa hajakosea kwa miaka mingi, isipokuwa siku ile ya simu.

Alirudi Mlagano Jumamosi ya kwanza ya Januari, siku ya mkutano wa kijiji. Wazee watatu walikuwa wameshakubaliana na mganga kutoka ng'ambo ya mlima. Mama Prisca alikuwa ameketi peke yake upande mmoja, na kulikuwa na nafasi ya watu wanne pande zote mbili za benchi lake. Veronika alikwenda akaketi kwenye nafasi hiyo. Kisha akaomba kusema.

"Ndugu zangu, kosa ni langu. Niliwaambia magogo yaondolewe. Magogo yale yalikuwa na usubi wa aina mbili, na wengi wao hawaumi. Hao ndio wanaoingia kwenye ua la kakao na kulichavusha. Ua lenyewe ni dogo, nyuki hapiti. Mmewachoma wote. Wamebaki kwa Mama Prisca peke yake, kwa sababu hakunisikiliza."

Watu waligeuka kumtazama Mama Prisca.

"Na wanaouma?" aliuliza mzee mmoja.

"Wanaouma wanazaliwa kwenye tope la nguruwe." Alimgeukia kaka yake. "Lililo kubwa kuliko yote liko nyuma ya nyumba ya mwenyekiti."

Athanas alisimama kama aliyekalia siafu. "Dada yangu amechoka na safari."

"Sijachoka, kaka. Na jambo lingine: mimi si dokta. Mimi ni mfanyakazi wa usafi. Nafagia. Wadudu nimewajua kwa kuwachambua, lakini cheti sina."

Hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Mwaka mzima walikuwa wametii neno lake lisilo sahihi, kwa sababu lilitoka kwa dokta. Sasa alikuwa anawapa neno lililo sahihi, na limetoka kwa mfagiaji. Vicheko vilianzia nyuma vikaja mbele. Mtu akasema, "Kwa hiyo tulichoma migomba kwa amri ya ufagio?" Mwingine akasema amepewa kakao na Mama Prisca ili amtetee. Yule mzee aliyekuwa ameuliza swali alisema mganga aje tu.

Veronika alitoka nje na simu. Alimpigia Dk. Abdulmajid, aliyekuwa nyumbani kwake Morogoro mjini, akamweleza yote, pamoja na sinki.

"Vichupa viko wapi?"

"Mezani kwako, pamoja na karatasi ya maelezo. Vinanuka gongo, Daktari, samahani."

"Waambie wangoje mpaka kesho."

Athanas, ambaye kwa vyovyote hakutaka habari za tope lake ziamuliwe siku ile, aliahirisha mkutano kwa furaha.

Dk. Abdulmajid alifika kesho yake saa sita, kwa gari lenye nembo mlangoni, koti mwilini, na hadubini ndogo na vile vichupa vinne ndani ya sanduku. Alisema maneno yaleyale ya Veronika, kwa mpangilio uleule, ila aliongeza "kisayansi" kila baada ya sentensi mbili. Watu walitikisa vichwa. Walipanga foleni wakachungulia. Alipofika kwenye viluwiluwi alisema wa madoa ndio wenye kijiguu chini ya kidevu.

"Ni wa manyoya, Daktari," alisema Veronika kutoka nyuma.

Dk. Abdulmajid alichungulia tena. Alichungulia kwa muda, si nusu sekunde. "Ni wa manyoya," alisema. "Bi. Veronika yuko sahihi. Yote niliyowaambia leo nimeyasoma kwenye karatasi aliyoniachia mezani." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu alipopata nafasi, akaongeza: "Na aliyemfundisha kuwamwaga wa manyoya ni mimi."

Mganga hakuitwa tena. Mama Prisca hakuombwa radhi kwa maneno, lakini mwisho wa mkutano benchi lake lilijaa watu. Sheria ndogo ikapitishwa upya: kila mwenye kakao awe na magogo yasiyopungua kumi, yameoza sawasawa, kivulini. Asiyekuwa nayo atabeba mawe. Bwana afya, aliyekuwa amepiga picha magogo yalipochomwa, alipiga nyingine. Athanas alipewa mwezi mmoja kuziba bomba na kuwasakafia nguruwe. Alichukua mitatu, na mke wake ndiye aliyemmaliza kwa kukataa kupika mpaka tope liishe.

Wakati wa masika, maua yalishika. Si yote, lakini watu waliona vitunda vya kijani, vidogo kama kidole cha mtoto, vikining'inia kwenye mashina, na walivihesabu kila asubuhi. Usubi wa kuuma hawakuisha, ila padre aliweza kumaliza misa.

Veronika aliendelea Mafiga na barua yake ileile. Dk. Abdulmajid aliomba apandishwe kuwa fundi wa maabara. Jibu likarudi kwamba cheo hicho kinahitaji cheti cha kidato cha nne. Dk. Abdulmajid akaandika tena, kwa ukali, na jibu la pili bado halijaja. Lakini aliongeza beseni la tatu kwenye maabara, la usubi wa manyoya, akasema sasa hawa nao ni wetu.

Mwezi Juni Athanas alimwita dada yake kwenye kesi ya kwanza ya wizi wa namna yake katika historia ya Mlagano. Mzee Severini, yule aliyekuwa mbele sana kutaka mganga aitwe, alikutwa na gogo bovu la mgomba ambalo Mama Prisca alilitambua kuwa lake. Severini alisema magogo yote yanafanana. Athanas alitaka mtaalamu atazame viluwiluwi aseme ni vya nani.

"Kaka, kiluwiluwi hakina mwenyewe," alisema Veronika.

"Basi tunaamuaje?"

Walikwenda wote shambani kwa Severini. Gogo lilikuwa limelazwa chini ya mkakao, limefunikwa majani makavu kwa uangalifu, kama mtoto aliyelazwa. Mama Prisca aliinama polepole, goti likilia, akafunua jani moja, akatazama bila hadubini wala miwani, akarudisha jani mahali pake.

"Akae nalo," alisema. "Wameshaanza kugeuka pupa. Mkilihamisha sasa mtawaua."

Akashika njia ya kurudi korongoni.